Nani Alimfundisha Mzungu Kusoma Nyayo?

Swali hilo si langu. Liliulizwa na kijana wa miaka 12, saa mbili usiku, kando ya moto uliokataa kuwaka, katika shamba moja nje kidogo ya mji wa Nyeri. Mwalimu wa usiku huo nilikuwa mimi. Sikuwa na jibu, kwa hiyo nikamwambia aende akalete kuni. Ndivyo watu wazima wanavyofanya, nami kumbe nimeshakuwa mmoja wao.

Nijitambulishe kwanza, ndugu msomaji. Nilimaliza kidato cha nne, alama zangu hazikunifikisha chuo kikuu, na tangu hapo mchana nauza vitabu vya mitumba kando ya barabara Nairobi, usiku naandika riwaya. Riwaya imefika kurasa 140 na shujaa wake hajatoka nyumbani bado. Jumamosi nawasaidia maskauti wa mtaani kwetu Kayole. Hakuna anayenilipa. Nilikuwa skauti shuleni, skafu ninayo, na kiongozi wetu akiwa na shughuli zake huniachia vijana.

Sasa, kila mwaka karibu na tarehe 22 Februari maskauti wa Kenya huenda Nyeri. Siku hiyo ndiyo aliyozaliwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, mwaka 1857. Kaburi lake liko Nyeri, na tangu 2001 limehesabiwa kuwa kumbukumbu ya kitaifa. Mwaka huo ilikuwa zamu yangu kupeleka vijana. Walikuwa 11, mkubwa miaka 15, mdogo miaka 11, na karibu wote walikuwa hawajawahi kulala mahali pasipo na taa ya mtaani. Kulipia kambi pamoja na wenzetu hatukuweza. Mmoja wao akasema guka wake ana shamba upande wa Nyandarua, karibu na msitu, na hatatudai chochote ila tusikanyage viazi vyake.

Tulifika kaburini mchana. Jiwe ni jeupe, na juu yake kuna duara lenye nukta katikati. Katika alama za njia ambazo skauti huachiana, duara hilo lina maana moja: nimekwenda nyumbani. Niliwaeleza vijana jambo hilo kwa sauti ya kiongozi, mikono nyuma, kama niliyoona viongozi wengine wakifanya. Mmoja akauliza, "Lakini nyumbani kwake si Uingereza?" Wenzake wakacheka. Sikucheka, maana lilikuwa swali zuri na lilinipita.

Jibu lake angalau nililipata baadaye vitabuni. Mzee huyo alikuwa na rafiki aitwaye Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake, ambaye alijenga hoteli ya Outspan pale Nyeri mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha mwaka 1932 akajenga nyingine juu ya mti, Treetops. Baden-Powell alikuja kumtembelea akaupenda mlima. Mwaka 1938 akajengewa nyumba ndogo katika uwanja wa Outspan, akaiita Paxtu, akaishi humo na mkewe hadi alipofariki tarehe 8 Januari 1941. Majivu ya mkewe Olave yaliletwa kuzikwa hapo hapo mwaka 1977. Watu hao walikuwa na kwao Uingereza, wakachagua kwetu. Ukisimama kaburini siku isiyo na mawingu unauona mlima mzima, na huwezi kumlaumu mtu kwa kutaka kulala hapo. Lakini ngoja.

Jioni tukafika kwa guka. Mzee wa miaka themanini na kitu, mwembamba, koti la zamani, kofia ya sufi. Alitusalimu mmoja mmoja kwa mkono, hata yule wa miaka 11, akatuonyesha sehemu tambarare chini ya mti, akarudi kwake. Mahema tuliyokodi yalikuwa na vigingi pungufu, kwa hiyo somo la kwanza lilikuwa kuchonga vigingi kwa panga, na niliwaambia vijana kwamba ndivyo nilivyopanga. Walinisadiki. Somo la pili mafundo ya kamba: fundo la kuunganisha kamba mbili, fundo la kufungia mti, fundo lisilobana ambalo unaweza kumteremsha mtu nalo. Vijana wa Kayole mikono yao ni myepesi jamani. Wanaofunga mizigo juu ya matatu mafundo wanayajua, hawajui tu kwamba yana majina.

Shida ilikuwa moto. Kijitabu changu kinasema jenga kibanda cha vijiti, weka majani makavu katikati, kiberiti kimoja. Tulimaliza nusu ya kiberiti. Kuni tulikuwa tumeokota chini, na ukungu wa Nyandarua hulala chini, kwa hiyo kila kijiti kilikuwa kimekunywa maji. Tukapata moshi. Moshi mwingi, mzito, uliotambaa hadi nyumbani kwa guka. Nikiwa napuliza, macho yanatoka machozi, nikawa nawaeleza jinsi Baden-Powell alivyokuwa stadi wa porini, anavyosoma nyayo, anavyojua nani kapita na saa ngapi. Ndipo yule wa miaka 12 akauliza kilichoandikwa hapo juu. "Na yeye alifundishwa na nani?"

Niwape jibu sasa, maana tangu tuliporudi nimetafuta. Muuza vitabu ana bahati moja: vitabu vya wazungu waliohama au kufa huishia kwenye turubai lake.

Baden-Powell alikuwa askari. Mwaka 1888 alikuwa Zululand, katika vita dhidi ya Dinuzulu. Mwaka 1896 alikuwa Matabeleland, Zimbabwe ya leo, Wandebele na Washona walipoinuka kupigana na kampuni ya Cecil Rhodes. Vita vile vilipiganwa katika milima ya mawe ya Matobo, na huko jeshi la Waingereza lilikuwa kipofu. Wenyeji walikuwa wakiwaona, wao hawakuwaona wenyeji. Baden-Powell akapewa kazi ya kuingia usiku na kupeleleza. Mmoja aliyemfunza ni Frederick Russell Burnham, Mmarekani aliyezaliwa kwenye ardhi ya Wadakota. Mwingine ni Mwafrika mmoja wa kusini aliyeitwa Jan Grootboom. Huyu Grootboom ndiye aliyeingia Matobo kuwatafuta wakuu wa Wandebele na kufungua njia ya mazungumzo yao na Rhodes mwaka huo huo. Baden-Powell alimsifu kwa maandishi. Mimi nilikuwa skauti miaka minne shuleni na jina la Grootboom sikuwahi kulisikia.

Kuna kisa kimoja ambacho Baden-Powell alikipenda, akakiandika kwa ajili ya wavulana. Alikuwa akipita nyikani karibu na Matobo asubuhi mapema na Mwafrika mmoja. Wakakuta nyasi zimekanyagwa, na kwenye mchanga nyayo ndogo: wanawake au watoto. Mara yule Mwafrika akatoka mbio, akaokota jani hatua kadhaa kando ya njia. Eneo lile halikuwa na mti wa namna ile. Miti hiyo ilikuwa maili kadhaa kutoka pale. Jani lilikuwa na unyevu na lilinuka pombe ya kienyeji. Basi wakapiga hesabu. Wanawake walitoka kijiji kile chenye miti ile, wamebeba vyungu vya pombe kichwani, vimezibwa kwa majani. Jani likaanguka, upepo ukalisukuma kando. Lakini saa ile hapakuwa na upepo. Upepo wa mwisho ulivuma kama saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo walipita saa hiyo, pombe inapelekwa milimani kwa wapiganaji, na wapiganaji watakuwa wanaikunywa mapema kabla haijaharibika.

Hebu soma kisa hicho tena kama mwandishi. Kiko kamili: jani, harufu, upepo, saa. Riwaya nyingi za upelelezi nilizouza hazifiki hapo. Lakini nani aliliona jani? Nani alijua mti ule haumei pale? Yule Mwafrika. Na Baden-Powell, ambaye alikumbuka saa ya upepo, jina la mtu huyo hakuliandika. Ni "mwenyeji" tu.

Simsingizii. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba alichota kwa Waafrika. Katika kitabu chake cha wavulana amesimulia jinsi kijana wa Kizulu alivyopakwa rangi nyeupe, akapewa mkuki na ngao, akatumwa porini aishi peke yake hadi rangi itoke, na akionekana huku bado ni mweupe anawindwa auawe. Aliandika hivyo kwa kuwaonea haya vijana wa Uingereza waliokuwa wakivuta sigara na kutazama mpira. Baragumu alilopuliza kuwaamsha vijana wa kambi yake ya kwanza lilikuwa pembe ya tandala aliyotoka nayo katika vita vile vya 1896. Shanga za mbao wanazovikwa viongozi wa skauti wakihitimu mafunzo, tangu 1919, zilianza na mkufu aliosema ni wa Dinuzulu. Wanahistoria wengine wana shaka kama kweli ulikuwa wa Dinuzulu, ila hakuna mwenye shaka kwamba ulitoka Zululand.

Halafu kuna lile jina. Alipenda kusema kwamba Wandebele walimwita Impeesa, yaani mbwamwitu asiyelala. Wazungu waliamini, na mpaka leo utalikuta kwenye vitabu. Lakini wewe unayesema Kiswahili, litamke polepole: impisi. Kwa Kindebele na Kizulu impisi ni fisi. Ni fisi wetu yule yule, neno ni moja. Kule Matobo hakuna mbwamwitu wa Ulaya wa kumpa mtu jina. Walimwita fisi, bwana, yule atembeaye usiku! Nilicheka peke yangu pale kwenye turubai hadi mteja akaniuliza kama niko sawa.

Fisi lakini hana mzaha. Septemba ya 1896 hiyo hiyo alikamatwa mkuu mmoja aitwaye Uwini, akiwa na jeraha. Baden-Powell akaamuru mahakama ya kijeshi, Uwini akapigwa risasi. Wakubwa wake waliagiza uchunguzi kwa sababu mtu yule angepelekwa kwa wakuu wa kiraia. Akaonekana hana hatia. Hili nalo haliko katika kijitabu changu cha skauti.

Miaka mitatu baadaye ndipo alipopata jina duniani, alipozingirwa na Makaburu pale Mafeking kwa siku 217, Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Humo mjini wavulana wa Kizungu walivalishwa sare, wakapeleka barua kwa punda na kisha kwa baiskeli, chini ya kijana mwenzao Warner Goodyear. Waanzilishi wa uskauti huwataja vijana hao daima. Aliyewaunda hasa alikuwa msaidizi wake, Lord Edward Cecil. Na wanahistoria bado wanabishana juu ya namna Baden-Powell alivyogawa chakula kati ya wazungu na Waafrika, maana walioumia zaidi kwa njaa walikuwa Waafrika.

Wenzangu wa kalamu, mtaniruhusu nipotee njia kidogo hapa. Ndani ya Mafeking ile ile kulikuwa na kijana mwingine, Sol Plaatje, mwenye umri wa miaka 23, mkalimani wa mahakama. Elimu yake ya darasani ilikuwa ya shule ya misheni tu. Wakati mizinga inalia yeye alikuwa akiandika katika daftari: nani kafa, nani ana njaa, nini kimechekesha leo. Alikuja kuwa mhariri wa magazeti, mpigania haki, na mwandishi wa riwaya, Mhudi, iliyotoka 1930. Alifariki 1932. Daftari la Mafeking lilichapishwa 1973. Miaka 41 baada ya kifo chake! Kila ninapokata tamaa na kurasa zangu 140 nafikiria daftari hilo likingoja.

Turudi. Agosti 1907 Baden-Powell akapeleka wavulana kama 20 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, wiki moja, kujaribu mawazo yake. Nusu walitoka shule za matajiri na nusu walikuwa watoto wa wafanyakazi wa Poole na Bournemouth. Matajiri walilipa pauni moja, wenzao shilingi tatu na peni sita. Aliwagawa katika vikosi vinne vyenye majina ya wanyama na ndege, kila kikosi na kiongozi wake mvulana. Hapo ndipo ujanja wote ulipo, na katika hili namvulia kofia: mtoto akifundishwa na mtoto mwenzake aliyemzidi miaka miwili, anashika. Mwaka uliofuata kitabu chake kikaanza kutoka kwa vipande, na kabla hajamwambia kijana lolote juu ya kamba au hema, anamsimulia hadithi ya Kim, mvulana wa riwaya ya Kipling. Ule mchezo wa kuweka vitu kwenye sinia, unavitazama dakika moja, vinafunikwa, unavitaja, jina lake limetoka humo. Mimi vijana wangu naweka kifuniko cha soda, ufunguo, tiketi ya matatu, kitunguu. Yule wa miaka 12 huwa hakosi hata kimoja. Angekuwa mwandishi, ila anataka kuwa rubani.

Na sisi? Kenya uskauti uliingia 1910, kwa ajili ya watoto wa wazungu. Afrika Kusini waliwatengea Waafrika chama chao cha pembeni tangu 1922. Sheria ya skauti inasema kila skauti ni ndugu wa skauti mwenzake, na hapo ndipo makoloni yote yalipojikwaa, kwa maana ukimwambia mtoto Mwafrika maneno hayo, siku moja atauliza kama ni kweli.

Haya yote usiku ule nilikuwa siyajui. Nilijua tu kwamba moto hauwaki na vijana wanaanza kunong'ona juu ya chui. Kuokoa heshima nikatangaza mchezo wa nyayo. Kiongozi wa kikosi atatangulia na tochi, ataacha alama za mishale ya vijiti, wengine watamfuata wawili wawili hadi kwenye ua wa umeme unaotenga mashamba na msitu, kisha warudi. Ua ule, wa karibu kilomita 400, uliikamilisha Nyandarua nzima kuizunguka mwaka 2009, kwa hiyo nilijiambia hakuna atakayevuka. Sikupiga hesabu ya mambo yaliyo upande wetu wa ua. Saa tatu unusu walirudi kumi.

Aliyekosekana ni yule wa miaka 11. Mwenzake alisema alisimama kufunga kiatu. Sitaki kupamba: nilipiga filimbi, nikapiga kelele, nikakimbia huku na huku na tochi nikikanyaga kila kitu, viazi vya guka pamoja. Nilikuwa naona uso wa mama yake. Mkubwa wao ndiye aliyekuwa na akili ya kwenda kumwamsha mzee.

Guka alikuja na kibatari na fimbo. Kitu cha kwanza alituambia tunyamaze. Cha pili alimwambia kila mmoja asimame alipo, asiongeze nyayo. Akaniuliza mtoto amevaa viatu gani. Sikujua. Aliyejua ni yule wa miaka 12: raba, ya kulia imetoboka kisigino. Guka akainama, akaweka kibatari chini kabisa karibu na ardhi, kandokando, si juu kama nilivyokuwa nikimulika mimi. Kumbe mwanga ukitoka upande, kila tundu la mchanga linapata kivuli. Akatembea polepole. Pale nyasi zilipolala aligusa kwa mkono kuona umande umetoka au bado. Hakusema neno. Tulimkuta mtoto mita kama 100 kutoka kambini, ndani ya bonde jembamba lililojaa magugu, amevunjika moyo kuliko mguu. Kifundo kilikuwa kimeteguka tu. Alikuwa amesikia filimbi yangu ikitoka pande zote, akaona heri anyamaze.

"Wengi wameanguka humo," guka akasema alipombeba. "Lakini zamani kulikuwa na miti iliyochongwa chini."

Hapo ndipo tulipoambiwa. Lile halikuwa bonde. Ulikuwa mtaro. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni iliwalazimisha wanakijiji kuchimba handaki kando ya msitu ili wapiganaji wa Mau Mau wasipate chakula, na chini wakasimamisha mianzi iliyochongwa ncha. Zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishwa kutoka nyumba zao wakarundikwa katika vijiji vyenye walinzi. Waliochimba walikuwa hasa wanawake. Mama yake guka alichimba sehemu ile. Baadaye mvua na jembe vimeufukia karibu wote, ila pale kwenye kona ya shamba lake hajaufukia, na sikuthubutu kumuuliza kwa nini.

Akajenga moto wetu upya. Hakuokota kuni chini. Alivunja vijiti vikavu vilivyokuwa bado vimesimama kwenye miti. Vidogo, unene wa kalamu. Moto ukawaka kwa kiberiti kimoja, mdogo, chini ya matawi, na moshi wake ukapotelea kwenye majani. Akasema alipokuwa na umri wa yule mtoto wangu wa maswali, alikuwa akipeleka githeri msituni kwa mjomba wake. Huko walipika hivyo, maana moshi ukionekana zilikuja ndege za mabomu. Walitembea juu ya mawe na mizizi, wa mwisho akirudisha nyasi zilizolala. Walijua askari wako karibu kwa harufu ya sabuni. "Nyinyi mmenukia tangu mliposhuka kwenye gari," akasema. Vijana wakacheka sana, mimi nikiwemo, lakini nilitia mikono mfukoni.

Kaka yake mkubwa hakuwa na bahati. Alikamatwa akiwa na miaka 15, akapelekwa Manyani pamoja na watu wazima. Mwaka 1955 vijana wa Manyani walihamishiwa kambi ya Wamumu, kule Mwea. Hiyo imo vitabuni: mmoja wa maofisa waliowasimamia ni Geoffrey Griffin, kijana aliyekuwa ameacha jeshi, ambaye mwaka 1959 alianzisha Starehe pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Wamumu walisoma, walicheza mpira, walifundishwa ufundi. Na walifanywa maskauti. Kaka yake guka alirudi nyumbani na kaptura ya khaki, anajua kufunga mafundo, kuwasha moto, kufuata nyayo.

"Kabla hajaenda alijua?" nikauliza.

"Ndiyo maana alifungwa," guka akajibu, akaongeza kijiti.

Baadaye nyumbani nilikaa na tarehe mbili. Dedan Kimathi, ambaye msitu ule ulimficha miaka minne, alipigwa risasi mguuni na kukamatwa pembezoni mwa msitu, Nyeri, tarehe 21 Oktoba 1956. Walinyonga Kamiti tarehe 18 Februari 1957, wakamzika humo gerezani bila alama. Siku nne baadaye, tarehe 22, ilitimia miaka 100 tangu Baden-Powell azaliwe, na maskauti duniani kote wakasherehekea. Nimejaribu kuyatia haya katika riwaya yangu. Hayaingii, msomaji atasema mwandishi amepanga.

Je, nimeacha kuwafundisha vijana? Sijaacha. Jumamosi iliyofuata tulikuwa pamoja, na mafundo ni yale yale. Nimeongeza vitu viwili. Tunamulika kutoka upande. Na nikisimulia kisa cha jani nasema kwamba aliyeliona ni Mwafrika ambaye jina lake halikuandikwa, kisha namtaja Jan Grootboom, ili angalau mmoja wao awe na jina.

Asubuhi ile, kabla ya kuondoka, guka alimwaga maji juu ya majivu, akayakoroga kwa mkono kuhakikisha yamepoa, akatandaza majani juu. Ukipita hapo usingejua kulikuwa na watu. Yule wa miaka 12 alimwambia kwamba mimi ni mwandishi na nitamweka kwenye kitabu. Mzee akanitazama muda mrefu.

"Andika," akasema. "Lakini jina langu usiweke."

Nikamweleza, kwa heshima, kwamba ni vizuri watu wajue ni nani. Akatikisa kichwa. Akasema wakati ule aliyetaka kujua jina alikuwa ni yule mwenye gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, anayeinua kidole. Kisha akatuuliza kama tumebeba maji ya njiani.